Picha Isiyoweza Kupigwa

"Usikate lakiri mpaka nimalize kuandika," alisema Inspekta Mbuke Luhende.

Zuhura aliurudisha mkasi mezani. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, Ngokolo, mjini Shinyanga, katika chumba cha mbele cha nyumba ambayo majirani waliijua kama nyumba ya Mama Samia, fundi wa ving'amuzi. Majirani hawakukosea sana. Ving'amuzi Zuhura alitengeneza, lakini kazi yake hasa ilikuwa nyingine. Kwa miaka minne alikuwa akiandika majaribio ya kerneli huria, ile programu ya ndani kabisa inayotawala kifaa, ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuisoma na kuirekebisha. Sehemu yake ilikuwa ndogo na walioielewa walikuwa wachache: kupima kama kumbukumbu inayobeba video zilizolindwa imefungwa kweli, au imefungwa kwa maneno tu. Mbuke alikuwa amepiga simu sehemu tano kabla ya kutajiwa jina lake.

Konstebo Chacha alikuwa amesimama mlangoni akirekodi kwa simu. Mbuke aliandika saa, namba ya lakiri na hali ya mfuko, kisha akainua kichwa.

"Kata."

Ndani ya mfuko wa kielelezo mlikuwa na boksi jeusi la kamera, ukubwa wa king'amuzi, limejaa vumbi jekundu kwenye matundu ya hewa. Mbuke akaweka picha moja iliyochapwa pembeni yake.

"Nieleze kesi kwa kifupi, afande," alisema Zuhura. "Nisije nikapima kitu kisichotakiwa."

"Siku kumi na mbili zilizopita, kwenye mgodi mdogo nje ya Katoro, ndoo ya winchi ilianguka duarani, ndani ya shimo la kuchimbia. Mita arobaini na tano. Ndani yake alikuwemo mchimbaji anaitwa Ndaki. Hakupona. Mwendesha winchi ni Mihayo, yuko mahabusu, anatuhumiwa kukata kamba. Ushahidi ni huo hapo."

Zuhura aliinamia picha. Mwanaume mwenye kofia ya njano alikuwa amechutama kando ya winchi, kisu mkono wa kulia, kamba mkono wa kushoto. Picha ilikuwa safi, hata mshono wa shati ulionekana.

"Imepigwa na nani?"

"Meneja, anaitwa Deusdedit. Ameandika kwenye maelezo yake kwamba jioni ya siku ile alirudisha rekodi ya kamera namba mbili kwenye boksi hili, akaona tukio, akabonyeza kitufe cha kupiga picha ya skrini kwenye rimoti, akaihamishia kwenye flashi. Rekodi yenyewe haipo tena. Boksi hufuta kila baada ya saa sabini na mbili, na mwenzangu aliyeanza upelelezi alilichukua siku ya nne."

"Na ncha ya kamba?"

"Imechanika vibaya, huwezi kusema imekatwa au imekatika. Mtaalamu wa Mwanza hajajibu. Kesho saa tatu jalada linaingia kwa mwendesha mashtaka. Likiingia na picha hii bila swali, Mihayo anasomewa mauaji. Mauaji hayana dhamana."

Zuhura aligeuza boksi akasoma kibandiko cha chini. "Rekodi zimefungwa. Nani alitaka zifungwe?"

"Mwenye mgodi, Masudi. Hakutaka picha za mawe yake yenye dhahabu zizagae kwenye simu za watu. Aliyemuuzia kamera alizifunga. Zinaonekana kwenye runinga tu, kupitia hapo. Huyo muuzaji ndiye aliyenipa barua hii ya kuruhusu lipimwe na neno la siri la mafundi."

"Basi una swali moja tu, afande. Hili boksi linaweza kutoa picha hii, au haliwezi?"

"Ndilo hilo."

Zuhura alivuta kiti. "Video iliyolindwa hufunguliwa ndani ya sehemu ya kumbukumbu iliyofungwa. Ichukulie kama chumba. Kifaa cha kufungulia video kinaandika humo, skrini inasoma humo, basi. Kerneli yenyewe haina ruhusa ya kuchungulia. Sasa ukibonyeza kitufe cha picha ya skrini, inayofanya kazi ni programu ya kawaida, iko nje ya mlango. Itachukua menyu, itachukua saa na maandishi. Mahali pa video itakuta weusi."

"Kila mara?"

"Kama mlango umefungwa. Nimeshakutana na maboksi ambayo mlango upo kwenye matangazo tu."

"Sitaki unifurahishe."

"Wala sikujui, afande. Nikufurahishe ili iweje?"

Mbuke alikaribia kutabasamu. Akafungua ukurasa mpya.

Zuhura hakugusa chochote kilichokuwa ndani ya boksi. Aliliwasha kutoka kwenye flashi yake mwenyewe, akaliunganisha na runinga ukutani na kompyuta mezani, na kila alichofanya alikitamka ili Mbuke akiandike. Aliweka video ya majaribio aliyoitoa muuzaji, iliyofungwa kwa ufunguo uleule wa rekodi za mgodi: dakika mbili za lori likimwaga kifusi. Ikaonekana vizuri kwenye runinga. Kisha akaamuru jaribio lake liombe nafasi katika kumbukumbu iliyofungwa, liipitishe video humo, halafu lijaribu kuisoma kwa mlango wa kerneli.

Mistari ilikimbia kwenye kompyuta. Picha ya lori ikatokea, safi, na magurudumu yake yote.

"Imesomeka," alisema Chacha kutoka mlangoni. "Kumbe meneja kasema kweli."

Mbuke alitazama picha ya lori, kisha akaandika: saa mbili na dakika arobaini, jaribio la kwanza, kumbukumbu imesomeka. Mkono wake haukuharakisha. Siku tatu alikuwa ameishikilia kesi hii kwa sababu ya jambo moja, kwamba Mihayo alimjibu kwa namna ileile kila alipoulizwa, bila kuongeza wala kupunguza. Mahakamani hilo lisingesimama hata dakika moja.

"Rudia," alisema.

Zuhura alirudia. Lori lilitokea tena. Lakini safari hii hakuwa akitazama lori. Kidole chake kilikuwa kwenye pembe ya chini ya kompyuta.

"Afande, njoo uone hapa. Kile chumba kilichofungwa kina megabaiti mia mbili. Video imecheza mara mbili, na hazikupungua hata moja."

"Maana yake?"

"Maana yake hatukuingia humo. Jaribio langu linaomba chumba kwa jina. Huyu aliyetengeneza boksi amekipa jina lake mwenyewe. Jaribio halikukikuta, likachukua kumbukumbu ya kawaida, likaendelea kimyakimya." Aliondoa miwani akafuta kwa mtandio. "Kosa ni langu. Ilipaswa likatae, liseme halikukiona. Nitalirekebisha na kuwatumia wenzangu. Lakini hayo matokeo mawili ya kwanza yanaonyesha tu kwamba kumbukumbu ya kawaida inasomeka. Hilo tulilijua."

"Usiyafute. Yanabaki kwenye daftari, na sababu yake."

"Yabaki."

Ilimchukua saa nzima kulipata jina kwenye programu ambazo, kwa masharti ya kerneli huria, muuzaji alitakiwa kuziweka wazi. Mbuke alikataa chai mara mbili. Mara ya tatu aliikubali, ikapoa mkononi. Saa nne kasorobo Zuhura alibonyeza tena. Lori likamwaga kifusi kwenye runinga. Kwenye kona ya kompyuta mia mbili zikashuka hadi mia moja sitini na nane. Na pale picha ilipotakiwa kutokea, mstari mmoja mwekundu ukajiandika: ruhusa imekataliwa.

Alirudia mara kumi, na mara kumi ilikataliwa. Alijaribu njia nyingine tatu za kuchungulia, na zote zikarudisha sifuri tupu. Halafu akapitia kumbukumbu za mfumo: tangu boksi lilipofungwa mgodini mwezi wa tatu, hakuna programu iliyobadilishwa.

"Andika," alisema. "Boksi hili, siku ya ajali, lisingeweza kutoa picha ile. Nitasaini, na nikiitwa mahakamani nitakuja."

Mbuke alisoma taarifa yote, ukurasa kwa ukurasa, kisha akauliza maswali mawili ya mwisho.

"Akisema alipiga runinga kwa simu?"

"Ungeona mng'ao wa kioo, au mistari. Hapa hakuna."

"Akisema alinakili faili?"

"Hana ufunguo. Angenakili takataka."

"Basi hizo njia mbili nazifunga mimi kabla sijamwonyesha kitu," alisema Mbuke, na kumpa Chacha lakiri mpya.

* * *

Walipita Kagongwa saa sita, wakaingia Kahama, wakashika barabara ya Ushirombo. Njiani Mbuke alisema neno moja tu, kumwambia Chacha apunguze mwendo. Walifika mgodini, kilomita chache kutoka Katoro, saa tisa na robo.

Ofisi ya meneja ilikuwa kontena lililopakwa rangi ya bluu. Deusdedit alisimama kuwapokea. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, shati limepigwa pasi, sauti ya chini. Alimwona Chacha amebeba boksi, uso ukafunguka.

"Mmelirudisha. Ahsante, Inspekta. Karibuni viti."

"Tutakuachia tukikamilisha maelezo yako. Kuna mambo madogo mwenzangu hakuyaandika." Mbuke aliketi, akafungua daftari. "Ile picha. Hukuipiga kwa simu?"

"Hapana. Simu haziruhusiwi humu ndani wakati wa kuangalia rekodi. Ni sheria ya bosi."

"Wewe mwenyewe pia?"

"Mimi ndiye ninayeisimamia."

Mbuke aliandika, akamgeuzia daftari. "Weka saini hapo." Akasaini. "Na faili la rekodi, hukulinakili mahali popote?"

"Haiwezekani, Inspekta. Mfumo huu umefungwa. Hata mimi siwezi kutoa kitu." Aliongea kama mtu anayesifia gari lake. "Ndiyo maana bosi aliununua."

"Kwa hiyo njia ni ile moja. Kitufe cha rimoti."

"Kitufe cha rimoti."

"Saini."

Alisaini tena. Safari hii kalamu ilikawia kidogo.

"Sasa nisaidie," alisema Mbuke. "Mwendesha mashtaka hajawahi kuona mtambo kama huu. Nionyeshe ulivyofanya, nimweleze."

Chacha aliunganisha boksi na runinga ya ofisini, kisha na kamera namba moja, ile ya getini. Wakarekodi dakika mbili. Mlinzi alipita, mbuzi akapita. Deusdedit alirudisha rekodi nyuma, mlinzi akaonekana tena. Akainua rimoti na kubonyeza. Runinga ikaandika: picha imehifadhiwa.

"Ifungue," alisema Mbuke.

Picha ikafunguka. Juu kulikuwa na saa, tisa na dakika thelathini na nane. Chini kulikuwa na menyu. Katikati kulikuwa kweusi tititi.

"Labda haikushika vizuri," alisema Deusdedit.

"Rudia."

Alirudia. Saa tisa na dakika thelathini na tisa, na weusi. Alibadilisha mahali, akachagua pale mbuzi alipokuwa katikati ya geti, akabonyeza kwa nguvu zaidi. Weusi. Rimoti akaiweka mezani, taratibu, na kuisogeza mbali naye.

"Tangu mwezi wa tatu boksi hili halijabadilishwa kitu," alisema Mbuke. "Ninayo taarifa ya mtaalamu aliyelipima leo. Njia ya rimoti haipo. Njia ya simu umeikana kwa saini, na ya kunakili pia. Nimebaki na picha ambayo haina mahali ilipotoka, Bwana Deusdedit, na mtu aliyeko mahabusu kwa sababu yake. Ilitoka wapi?"

Meneja alitazama saini zake mbili. Jasho lilikuwa limetoka juu ya mdomo.

"Naweza kumpigia bosi?"

"Ukishanijibu."

Mbuke hakumsukuma. Alivua saa yake ya mkononi, akaiweka mezani mbele ya Deusdedit, akasubiri. Ilipita dakika moja, ikapita ya pili.

"Niliipiga mimi," alisema mwishowe. "Kwa simu yangu. Pale pale kwenye winchi, siyo humu. Siku sita kabla ya ajali."

"Mihayo alikuwa anafanya nini?"

"Anakata sehemu ya kamba iliyooza."

"Kwa amri ya nani?"

"Yangu. Nilimpiga picha ili nimtumie Masudi. Nilitaka aone kamba ilivyo, anunue mpya. Nilimwandikia kwamba hii haifai kubeba mtu. Alinijibu iungwe palipokatwa, kazi iendelee. Tukaunga. Ndoo ilipoanguka akaniambia, ile picha bado unayo? Nikamwambia ninayo. Akasema basi tumepata pa kushika."

"Mihayo yuko peke yake kwenye picha."

"Hakuwa peke yake. Ndaki yumo. Alikuwa upande wa kushoto, ameshika ncha nyingine. Nilimkata kwenye picha."

Mbuke alinyoosha mkono.

"Simu."

Ujumbe ulikuwepo bado, na tarehe yake, na picha nzima. Upande wa kushoto Ndaki alikuwa ameivuta kamba kwa mikono yote miwili, anacheka na mwenzake. Mbuke aliutazama mpaka mwisho, jibu la Masudi likiwemo, kisha akaitumbukiza simu kwenye mfuko wa kielelezo.

"Wewe ulijua kamba ni mbovu," alisema. "Uliandika kabisa. Baada ya ajali mlileta mpya?"

Deusdedit aligeuka kutazama nje, upande wa winchi.

"Nimekuuliza. Winchi inatumia kamba gani leo?"

"Polisi walichukua kipande kilichoanguka. Iliyobaki kwenye winchi... tuliiunga."

"Kuna watu chini?"

"Wanne."

Mbuke alikuwa ameshafika mlangoni kabla neno halijaisha. Winchi ilikuwa hatua sitini kutoka kwenye kontena, chini ya banda la maturubai. Kijana wa zamu alikuwa ameshika breki, ndoo imeanza kupanda, na kamba ilikuwa ikijikunja ikiwa na fundo nene la rangi tofauti.

"Simamisha," alisema Mbuke. "Ndoo ina nini?"

"Mawe, mama."

"Ishushe polepole. Mtu yeyote asipande humo."

Alipiga magoti kwenye mdomo wa duara. Hewa ya joto ilimpiga usoni, na chini kabisa taa za kichwani zilionekana, ndogo kama punje. Aliita. Sauti ikarudi, ikauliza kwa Kisukuma ni nani. Naye akajibu kwa Kisukuma kwamba ni polisi, kwamba kamba ni mbovu, kwamba wasiiguse ndoo na wasisimame chini yake, wapande kwa matimba, yale magogo yaliyopigiliwa ukutani kuzuia udongo.

"Matimba yameoza huku, mayu," ilijibu sauti, ikimwita mama kwa Kisukuma.

"Yote?"

"Ya kati."

Chacha alikimbilia gari, akarudi na kamba ya kuvutia magari. Haikufika chini kabisa, lakini ilifika kwenye yale ya kati. Walifunga ncha moja kwenye mti wa winchi, wachimbaji waliokuwa juu wakashika nyuma yake watu saba. Deusdedit alitoka kwenye kontena akasimama kando. Kisha, bila kuambiwa, akavua saa na kushika kamba nyuma ya wote.

Wa kwanza alipanda kwa dakika kumi na moja. Mbuke alimshika mkono ukingoni na kumvuta juu, naye mchimbaji akalala chali akihema. Wa pili alipofika katikati gogo likameguka, likasikika likigonga chini mara tatu. Kamba ikakaza, watu wakaburuzwa hatua moja mbele. Hakuna aliyeiachia. Akatoka. Wa tatu akatoka. Wa nne alikuwa mzee kuliko wote, alipumzika mara nyingi, na kila alipopumzika Mbuke alimuuliza jina lake ili amsikie akiongea. Saa kumi na moja kasoro dakika tano mikono miwili ya mzee ilishika ukingo.

Mbuke alikaa chini palepale kwenye kifusi, sare imekuwa nyekundu hadi kiunoni. Alimwagiza Chacha aifunge winchi kwa lakiri na amweke Deusdedit garini. Kisha akapiga simu kituoni Katoro, akaomba mahabusu aitwe.

"Mihayo. Ni Inspekta Mbuke. Picha nimejua ilikotoka. Kesho saa tatu nakwenda kwa mwendesha mashtaka mimi mwenyewe, na nina kila kitu mkononi."

"Ndaki ameshazikwa?" aliuliza Mihayo.

"Ameshazikwa. Kwao Didia, wiki iliyopita."

"Sijaenda."

"Najua."

"Mama yake ananijua. Nimekula kwake tangu mdogo. Ameambiwa ni mimi."

Mbuke alijifuta udongo machoni kwa mkono wenye udongo zaidi. Wale wanne walikuwa wamekaa pamoja kwenye kivuli cha turubai, wanapeana dumu la maji.

"Ukitoka tutakwenda Didia wote," alisema. "Nitamwambia mimi, wewe ukiwepo."